Usingizi na Baridi Yabisi

Katika nyumba zetu nyingi mna mzee ambaye usiku huamka mara tatu au nne, akajigeuza kwa taabu na kulishika goti lake, na alfajiri inapoadhiniwa humchukua muda mrefu kuinuka kitandani. Watu wa nyumbani wamekwisha kumzoea. Asubuhi husema, "Bibi hakulala kwa maumivu," yakaishia hapo. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu yake. Nusu ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu mwezi huu: maumivu huondoa usingizi, na kukosa usingizi nako huzidisha maumivu.

Jina la ugonjwa wenyewe limetupoteza kidogo. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu, na waganga wa kale waliyapanga maradhi kwa joto na baridi, umaji na ukavu. Kwa hiyo wengi wetu hudhani kwamba baridi yabisi huletwa na umande na upepo wa usiku, wakafunga madirisha yote na kumfunika mgonjwa mablanketi mpaka atoke jasho, naye akakosa hata ule usingizi mdogo aliokuwa nao! Baridi yaweza kuzidisha maumivu, lakini siyo asili yake. Magonjwa ya viungo ni mengi, na mawili ndiyo tunayoyaona zaidi. Katika la kwanza, gegedu, yaani ule mfupa laini unaokinga ncha za mifupa zisisuguane, huchakaa. Nalo huwapata zaidi wazee. Katika la pili, kinga ya mwili hugeuka ikavishambulia viungo vya mwenyewe, na hilo huweza kumpata hata kijana, wanawake zaidi kuliko wanaume.

Asubuhi ndipo yanapopambanuka. Mwenye gegedu lililochakaa hukakamaa kwa muda mfupi, kwa kawaida chini ya dakika 30. Mwenye lile la pili huweza kukaa saa nzima na zaidi kabla vidole vyake havijaweza kushika kata ya kutawadhia, kwa kuwa katika saa za mwisho za usiku zile kemikali za mwili zinazochochea uvimbe huzidi. Basi kijana amwonaye mama yake akichelewa kuinuka asidhani ni uvivu. Na ruhusa ya mgonjwa kusali ameketi twaijua sote.

Mwaka 1975 huko Toronto, Kanada, daktari Harvey Moldofsky na wenzake walichukua wanafunzi wenye afya njema, wakawavuruga kwa sauti kila walipozama katika usingizi mzito. Baada ya siku chache tu za namna hiyo wanafunzi hao walianza kuumwa misuli, ingawa hawakuwa na ugonjwa wowote. Tena mwaka 2012, huko Los Angeles, Marekani, wagonjwa wa lile namna ya pili walizuiwa kulala sehemu ya usiku mmoja, na viungo vyao vikauma zaidi. Usiku mmoja tu!

Kwa hiyo usingizi wa mgonjwa na uhesabiwe pamoja na dawa zake. Kahawa chungu na chai kali ziishie Alasiri. Twajua kuwa neno hili ni zito kwa wazee wa barazani. Alalapo ubavu, awekewe mto kati ya magoti. Mto wa chini ya magoti usiwekwe kila usiku, maana goti lililozoea kukunjwa hukataa kunyooka. Maji ya moto kabla ya kulala huvilegeza viungo. Baadhi ya vidonge, kama vile vya jamii ya kotisoni, vikimezwa jioni huweza kuharibu usingizi. Amwulize daktari saa ya kuvimeza, wala asibadili mwenyewe. Na aendapo hospitali asiseme tu kwamba magoti yanamwuma, bali aseme pia huamka mara ngapi usiku, kwani pengine hataulizwa.

Lakini kiungo kimoja kikivimba ghafula, kikawa cha moto, na homa ikafuatana nacho, hilo si jambo la kungojea asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo.