Mwanafunzi Mmoja, Waalimu Wawili

Ndugu zetu Waislamu, kusoma kwa waalimu wawili si jambo geni kwetu. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakishika kitabu cha nahau kwa shekhe huyu na cha fiqhi kwa yule, wala hapana aliyeona kuwa ni kumvunjia heshima mwalimu wa kwanza.

Leo huko Marekani, katika jimbo la Florida, iko shule ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1997 ambayo hufundisha kwa intaneti. Kijana wa sekondari aweza kuongeza humo somo ambalo shule ya mtaani kwao haina, bila ya kuihama shule hiyo. Na mkaazi wa jimbo halipi ada.

Sisi twaliona jambo hili kuwa ni jema, kwa masharti matatu. Kwanza, kabla ya kujiandikisha, kijana na aiulize shule yake kama alama za somo hilo zitahesabiwa, asije akataabika mwaka mzima bure. Pili, mwalimu wa mbali hamwoni mwanafunzi anayesinzia. Basi mzazi na awe jicho lake. Tatu, somo hilo lisile usingizi, wala Swala ya Alfajiri, wala darsa ya Kurani.

Ilimu ni amana, na mwili pia ni amana. Mwenye masomo sita akaongeza la saba kwa kuuza usingizi wake, huenda akayakosa yote saba.

Wabillahi ttawfiq.