Kumbukumbu za chama zisikae mfukoni mwa fundi

Chama cha msingi kinachoacha maelezo ya mashine ya kumenya kahawa, vipimo vya dawa na tarehe za matengenezo kwenye simu ya fundi mmoja kimejiweka rehani. Fundi akihama, ujuzi nao unahama.

Programu ya kutunzia nyaraka ichaguliwe kama ghala: ufunguo unashikwa na nani, na mzigo unatokaje? Mwaka 2019 Google iliwafungia watu binafsi mtandao wake wa Google+. Wasiochukua nakala mapema walipoteza maandishi yao. MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, haina ada ya leseni, lakini inahitaji mtu wa kuihudumia.

Hivyo bei isitangulie. Kamati iulize kwanza: siku tukihama, tutaondoka na nakala zetu? Jibu lisipopatikana, daftari la ofisini ni salama zaidi.