Ngoma aliyoiacha bibi
Kwa Wagogo wa Dodoma, ngoma ya muheme ni ya akina mama: huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, wajukuu wakitazama. Bibi akifariki, ndugu hukaa kikao wakagawana shamba, ng'ombe, hata vitenge (na vitenge hugombaniwa kweli). Ngoma hubaki kona ya nyumba, kwani wajukuu wa mjini hawajui Kigogo, sembuse mapigo yake. Huo ni msiba wa pili, na hauna matanga.

Wazazi, mashoga wa marehemu waliopiga naye bado wapo kijijini. Likizo hii mpelekeni mtoto kwao, wamwoneshe bibi yake alivyoanza pigo la kwanza, simu ikirekodi.