Mazungumzo ya Mwalimu: Nani Angesimama na Will Kane?

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, vijana wetu walikusanyika katika ukumbi wa parokia kutazama sinema ya kale ya makauboi. Wamarekani waliiita High Noon. Sisi tuliosoma Kifaransa twaijua kwa jina la Le train sifflera trois fois. Ilitoka mwaka 1952, haina rangi, wala haifiki saa moja na nusu. Nilichelea kwamba watasinzia. Kumbe walibishana hata jioni, na baba zao wakaingia katika ubishi.

Habari yenyewe ni fupi. Will Kane, mkuu wa polisi wa mji mdogo, anafunga ndoa Dominika asubuhi na kuiacha kazi yake. Mara inaletwa habari kwamba Frank Miller, mwuaji ambaye yeye Kane alimkamata zamani, amefunguliwa, naye atafika kwa treni ya saa sita mchana. Watu wake watatu wanamngoja stesheni. Kane anazunguka mji mzima akiomba wasaidizi, huku saa ya ukutani ikionyeshwa mara kwa mara. Hapati mtu, isipokuwa kijana wa miaka 14, naye anamrudisha nyumbani.

Binti mmoja wa darasa la sita aliuliza mapema, “Mwalimu, huyu ni baba yake au mume wake?” Watu wakacheka, lakini aliuliza kwa haki. Wakati wa kupiga picha Gary Cooper alikuwa na miaka 50, na Grace Kelly, anayecheza bibi arusi, miaka 21. Nikawaeleza kwamba Gregory Peck ndiye aliyeombwa kwanza, akakataa, kwa maana alikuwa amekwisha kucheza mtu wa namna hiyo. Tena Cooper alikuwa mgonjwa siku zile, ana vidonda vya tumbo na maumivu ya mgongo. Uchovu ule wa usoni haukuwa wa kuigiza tu. Naamini kijana mwenye afya asingetuonyesha hofu kama ile.

Si wote waliopendezwa. John Wayne aliichukia sinema hii, ingawa mwaka 1953 ndiye aliyempokelea Cooper tuzo ya Oscar. Baadaye, mwaka 1959, alicheza katika Rio Bravo ya Howard Hawks kama jibu: humo mkuu wa polisi haombi msaada kwa raia. Vijana wa Mangobo walimwunga mkono Wayne kwa kelele nyingi. Sikushangaa. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walijiita Bills kwa ajili ya Buffalo Bill, wakavaa kama makauboi, na Padri Jozef de Laet wa Shirika la Scheut, badala ya kuwafukuza, aliwakusanya, hata akaitwa Père Buffalo.

Mzee mmoja akatukumbusha jambo jingine: Fred Zinnemann, aliyeiongoza High Noon, alifika hapa kwetu mwaka 1958, mji ukiitwa bado Stanleyville, kupiga picha za The Nun’s Story pamoja na Audrey Hepburn. Basi yule bwana alipita katika njia zetu hizi!

Kisha ikaja habari ya sinema mpya. Mwaka 2000 High Noon ilitengenezwa tena kwa televisheni, yenye rangi, Tom Skerritt akiwa Kane na Susanna Thompson mkewe. Skerritt alikuwa na miaka 66, lakini mkewe naye ni mtu mzima, na binti yetu alisema ndoa hii angeisadiki zaidi. Nakubali. Lakini mimi naipenda ile ya kale, ambamo jua jeupe na vumbi havimwachii Kane mahali pa kujificha.

Nilipoutaja mwaka 2000, ukumbi ulinyamaza. Ndio mwaka wa Vita vya Siku Sita, tangu tarehe 5 hadi 10 Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu na mamia ya raia wakafa.

Baba mmoja wa Lubunga, aliyefanya kazi katika reli ya Ubundu, alikuwa ameketi karibu na mlango. Akasema, “Mwalimu, mnawacheka wale watu wa kanisani. Msiwacheke. Wana watoto.” Alikuwa akinena juu ya pale Kane anapoingia kanisani katikati ya ibada, na mkubwa mmoja wa mji anamsifu sana, kisha anamsihi aondoke zake, mji upate amani. Mhubiri naye hana la kuwaambia.

“Siku ya tatu,” akasema yule baba, “jirani yangu aligonga mlango. Niliijua sauti yake. Sikufungua.”

Hakuna aliyemwuliza jirani alipatwa na nini. Baadaye kidogo akaniomba nionyeshe tena pale pa kanisani. Nikarudisha picha nyuma, tukatazama kimya, hata Kane akatoka peke yake.