Ngoma Yenyewe Ni Mama

Hapa kambini ngoma ya Burundi imetugawa, hata sisi tuliotoka mtaa mmoja wa Asiatique, Bujumbura: mabinti wapige ao wasipige? Wazee wetu wanasema mila, zamani wanawake hawakupiga. Sawa. Lakini zamani ngoma ilikuwa ya mfalme, na ufalme uliisha 1966. Mbona leo tunaipiga harusini? Tulishabadilisha, jamani! Dekreti iliyokataza wanawake ni ya 2017, miaka mitatu baada ya UNESCO kuiorodhesha ngoma yetu. Tena vile vigingi vinavyoshika ngozi, kwa Kirundi tunaviita amabere, yaani matiti. Kuna umukondo, kitovu. Kuna urugori, taji la mwanamke aliyezaa. Mnapiga mama, mnamfukuza binti? Mimi nasema: waacheni wapige.