Mtoto wa Paka wa Sokoke Asiletwe Luzira

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zako za Kiswahili nijibu shauri lililotolewa muhula huu katika chama chetu cha elimu ya viumbe, nalo ni hili: tuchange fedha, tumtume mtu pwani ya Kenya, atuletee mtoto wa paka wa Sokoke akae hapa shuleni. Waliolitoa walishangiliwa sana. Hata wanafunzi wawili wa zamani waliokuwa wageni wetu siku ile waliahidi kuongeza kitu. Mimi nampenda paka huyo kuliko wengi waliopiga makofi, na kwa sababu hiyo nalipinga.

Kwanza yafaa wasomaji wamjue. Arabuko-Sokoke ni msitu wa pwani, karibu na Watamu na Malindi, wenye ukubwa wa kilometa za mraba 420 hivi. Wagiriama wanaokaa kandokando yake walimjua paka huyu tangu zamani, nao humwita kadzonzo, yaani afananaye na gome la mti. Jina hilo lamfaa kabisa. Manyoya yake ni mafupi, yamelala juu ya ngozi, rangi ya hudhurungi yenye mabaka meusi ya kuzungukazunguka. Tena unywele mmoja mmoja una mikanda ya rangi nyeusi na nyepesi, hata akijilaza juu ya shina kavu jicho lako humpoteza. Mwili wake ni mwembamba, macho ni ya rangi ya kaharabu au kijani kibichi. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo hutembea kama anyataye kwa ncha za vidole. Ukimwona akipita utadhani ametumwa barua ya siri.

Mwaka 1978 Bibi Jeni Slater, mkaazi wa sehemu za Watamu, aliona watoto wa paka wa namna hii shambani kwake, akawafuga. Baadaye rafiki yake alichukua wengine akaenda nao Denmark. Mwaka 1984 walionyeshwa Copenhagen, na mwaka 1993 shirikisho la vyama vya paka liitwalo FIFe lilikubali ya kwamba hawa ni ukoo kamili wenye jina lake.

Hapo ndipo wenzangu wanaposhika hoja yao. Wanasema: kichwa cha udongo kilichimbuliwa hapa hapa Luzira mwaka 1929, na leo kimo katika British Museum, London, paka wa Afrika Mashariki naye amekwenda Ulaya, je, sisi tukae tukitazama picha tu? Maneno matamu. Lakini kichwa cha udongo hakili, wala hakimlilii mtu. Paka wa Sokoke hulia. Wafugaji wake husema ya kwamba humzoea mtu mmoja au paka mwenziwe kwa moyo wote, na akitengwa naye huhuzunika. Hapendi kukaa bure: hupanda, huruka, hufuata watu chumba hata chumba. Sasa niambieni, Desemba mabweni yakifungwa na sote tukienda kwetu, atamfuata nani? Mlinzi wa lango?

Wengine wamejibu ya kwamba huyu ni paka wa msitu, atajitafutia mwenyewe. Hili ndilo neno linaloniudhi kuliko yote, maana limemharibia paka huyu sifa na maisha. Si paka wa mwitu. Wachunguzi wa chembe za urithi wamemlinganisha na paka wengine, wakaona ni paka wa nyumbani, jamaa wa paka wa mitaani wa pwani ya Kenya. Kuishi msituni hakumfanyi awe chui. Tena katika msitu ule wamo ndege wachache duniani, kama yule bundi mdogo aitwaye kwa jina la Sokoke. Ampendaye paka na ampendaye ndege wote wawili watataka paka alale ndani usiku, tumbo lake limejaa.

Iko sababu nyingine, nayo ni kubwa. Paka wa kwanza waliopelekwa Ulaya walikuwa wachache mno, hata ndugu wakazaa na ndugu. Ndiyo maana miaka ya mwanzo ya 2000 wafugaji walirudi Kenya kutafuta wengine, ili damu ipanuke. Basi mtoto mmoja wa ukoo huu akiletwa Luzira, mwenziwe atampata wapi? Atazaa na mashume wa Port Bell, na baada ya vizazi vitatu lile gome la mti tutalitafuta tusilione. Tukimhasi, ukoo unakoma kwake. Kwa njia zote mbili tumewanyang'anya watu wa Sokoke mtoto mmoja, nasi hatukupata ukoo.

Kumtunza mwenyewe si kazi ngumu, nakubali. Manyoya yake hayahitaji kuchanwa kila siku kama ya paka wa Kiajemi. Lakini kwa kuwa ni mepesi, baridi humsumbua. Atakula nini hapa? Posho na mchuzi wa maharagwe havimtoshi paka yeyote. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kumtosha, sharti aipate katika nyama au samaki. Akiikosa muda mrefu moyo hudhoofika na macho huweza kupofuka. Na maziwa, ambayo kila mtu humpa paka akidhani amemtendea wema, huwaendesha paka wazima wengi.

Haya yote yawahusu pia paka watatu wa ghala letu, ambao hakuna mtu aliyewashangilia. Mmoja ana mabaka ya kuzunguka ubavuni, nami sisemi ni wa Sokoke. Hupigwa mawe, hunyimwa chakula kwa imani ya kwamba paka mwenye njaa ndiye mkamata panya; kumbe paka huwinda hata akiwa ameshiba, na aliyedhoofika hukamata wachache. Dagaa, hiyo mukene tuijuayo sote, yapatikana Port Bell kwa bei ndogo. Ichemshwe kwanza bila chumvi, maana samaki mbichi wa namna nyingi huharibu vitamini ya mwilini. Paka hao hawajapata kuchanjwa kichaa cha mbwa, na wanafunzi wa kidato cha kwanza huwapakata kila jioni.

Katibu ameniambia fedha za michango hazijatumika bado. Mimi nimeandika shilingi 5,000 katika daftari lake, na mbele yake nimeandika: za daktari wa mifugo.

Mwanachama wa kidato cha tatu