Macho Hayahesabu Desibeli

Leo nataka kuzozana kidogo na wenzangu wa fani ya kubana picha. Tangu chuoni nimeuona mchezo huu: mtu anaandika programu ya kubana picha, anapima PSNR, na akimzidi mwenzake kwa nusu desibeli anashangilia. Hata mimi nimeshangilia. Siku hizi naona tulikuwa tukipima kivuli.

PSNR hulinganisha picha asili na iliyobanwa, pikseli kwa pikseli. Kwake kosa ni kosa tu, liwe kwenye anga tupu au katikati ya majani ya mwembe. Jicho haliko hivyo. Kosa la angani huliona mara moja. La kwenye majani hulipita. Tena huona vizuri zaidi mistari ya wastani, jozi chache za nyeusi na nyeupe katika kila digrii ya mtazamo. Mistari ikizidi wembamba, uwezo wake hushuka haraka, na kwa rangi hushuka mapema zaidi.

Hapo ndipo waveleti zinaponifurahisha. Zinaigawa picha katika matabaka, kila tabaka na wembamba wake wa mistari. Kwa hiyo unaweza kulipa kila tabaka uzito wake: lile ambalo jicho halilijali unalikata sana, baiti unazipeleka kunakoonekana. Mwaka 1997 Watson na wenzake waliwapima watu na kukadiria kosa lisiloonekana katika kila tabaka. JPEG 2000 nayo inaruhusu mizani ya aina hiyo. Desibeli zitashuka, lakini picha itapendeza zaidi kwa ukubwa uleule wa faili.

Basi tumemaliza? La hasha. Mimi nilijikwaa hapohapo.

Niliwahi kutengeneza programu ya kutuma picha za ngozi za wagonjwa kutoka zahanati ndogo yenye mtandao wa kusuasua. Nikaweka mizani ya macho, faili zikapungua, mezani kwangu sikuona tofauti yoyote. Daktari akazipokea, akazikuza ili aone kingo za upele. Kingo zikawa ukungu mtupu. Akaniuliza, "Kijana, umenifutia nini hapa?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuwa kwenye hesabu. Ukikaa sentimita 57 kutoka kwenye skrini, sentimita moja ni kama digrii moja. Skrini ya nukta 96 kwa inchi inakupa pikseli 38 hivi kwa digrii, na tabaka jembamba kabisa hufika jozi 19. Jicho halilijali sana. Kuza picha mara nne, mistari ileile inakuwa jozi 5 hivi, pale ambapo jicho lina nguvu zake zote. Nilichotupa kama takataka ndicho daktari alichokuwa akikitafuta.

Msimamo wangu ni huu: tumieni macho kama kipimo, msiabudu desibeli. Lakini mizani ya macho ina umbali ndani yake, na umbali huo usifichwe kwenye kodi. Mwulize mtumiaji: picha hii itatazamwa tu, au itachunguzwa? Ya kutazamwa, kata bila huruma. Ya kuchunguzwa, acha mistari myembamba ilivyo, hata mtandao ukilia.